Ngombe ya Asante Mbele ya Jury

Jumapili, tarehe 7 Agosti

Kumi na sita juu ya makumi mbili. Naandika tena nione vile inapendeza: kumi na sita. Mama Nicole, bibi yangu wa ndoa, alirudi jana toka hospitali ya Mpofi na hii pointi ya stage yake, ile kazi ya kujifunza kwa wagonjwa, na leo kanisani niliimba mpaka akanigusa na kiwiko. Eti: "Papa Nicole, wewe ni shemasi, si tarumbeta."

Acha niimbe. Mwaka jana stage ilimwangusha. Malaria ilimukamata katikati ya kazi, akapata kumi na moja. Mimi nikasema: kumi na moja si imepita nusu? Njo akanieleza sheria za Institut, shule yao ya wauguzi, na leo tukitoka kanisani amenieleza tena, polepole, sawa mutu anafundisha wanaotaka ubatizo. Masomo ya darasani, kumi inatosha. Ukipata tisa kwa somo moja, somo lingine lenye ulifanya vizuri linaweza kukubeba. Lakini stage haibebwi na kitu chochote. Stage inataka kumi na mbili, juu pale unagusa mugonjwa mwenyewe, na mugonjwa haponi kwa pointi zako za hesabu. Na mwenye kuanguka stage mara mbili katika Master anatolewa. Hata kama masomo mengine yote ana kumi na nane. Anatolewa, kwisha.

Kwa hiyo hii mwaka ilikuwa mlango wa mwisho. Mama Nicole ni infirmière, muuguzi, tangu binti yetu Nicole akiwa mgongoni, na sasa Nicole mwenyewe iko na watoto. Hii Master anaitaka juu ya kitu kimoja: afundishe wasichana wa huku kwetu Masisi kazi ya kuzalisha, tusingojee tena walimu wa mbali wenye kuogopa barabara. Mimi nilifika mwaka wa pili wa sekondari tu. Lakini mutu akiwa na mwito, namuona.

Aliyemusimamia kule Mpofi anaitwa dada Victorine. Mama Nicole anasema ni mukali sawa pilipili. Siku ya kwanza alimwambia: "Mama, hapa umri wako hauna pointi." Halafu akaletwa mwanamuke wa kutoka machimbo ya Omate, amezaa njiani, damu haikatiki. Victorine hakumusukuma Mama Nicole pembeni achukue kazi. Alisimama nyuma yake, akasema tu: "Mikono yako inajua. Endelea." Mwanamuke akapona. Mutoto pia.

Neno hilo halinitoki tangu jana. Mikono yako inajua.

Bwana, kuna watu unawatuma na wao wenyewe hawajui wametumwa.

Jumatano, tarehe 10 Agosti

Nimeamua. Mama Nicole sijamwambia – amesharudi Kitshanga, kwenye Institut yao, kumalizia kitabu chake cha mwisho wa masomo. Na kitu kama hiki, kwetu, hakitangazwi kabla.

Sisi watu wa ngombe, ukishukuru na mudomo peke yake ni sawa haukushukuru. Mutu akikutendea jambo la maisha, unamupa ngombe. Si malipo, hapana. Malipo yanakwisha siku ile unayatoa. Ngombe ni undugu: tangu siku ile ninyi ni nyumba moja, na ndama mwenye atazaliwa anatembea katikati yenu. Baba yangu alifanya hivyo kwa muganga aliyemutoa risasi muguuni. Babu alifanya hivyo, sijui juu ya nini, lakini alifanya.

Nitatoa Gaju. Ni mutamba, hajazaa bado, rangi ya udongo mwekundu baada ya mvua, macho ya upole. Mudogo wangu Gakwaya, mwenye tunachunga naye, aliniangalia.

"Gaju? Yule mwenye kuchechemea hatoshi?"

"Mutu ametupatia Master, na mimi nimupe ngombe ya kuchechemea?"

"Bado hatujaipata, kaka."

"Kumi na sita, Gakwaya. Kumi na sita."

Akacheka, akasema basi atanisindikiza, lakini mimi njo nitajibu kwa Mama Nicole. Nitajibu na furaha yote.

Jumamosi, tarehe 13 Agosti

Nimerudi. Miguu imeiva, moyo mwepesi kama pamba.

Tulitoka umande ukiwa bado kwa majani. Gaju nilimuosha, nikamupaka siagi kwenye pembe, nikamufunga kitambaa cheupe shingoni. Kitshanga watu wa pikipiki walitupisha. Mumoja akauliza: "Wazee, munaenda kuoa?" Gakwaya akamujibu: "Tumeshaoa zamani. Sasa tunaoa Master."

Kwao Victorine iko juu ya mulima, ngambo ya soko. Ni watu wa jembe tangu mababu: maharagi, viazi, migomba kidogo. Yeye alikuwa likizo, anapalilia na mama yake. Alisimama, jembe mukononi. Mwembamba, mudogo kuliko nilivyofikiri. Nikavua kofia, nikasema mimi ni Semana, bwana ya Mama Nicole, nikaweka fimbo mbele, nikamusifu Gaju vile inatakiwa: ukoo wake, mama ya mama yake aliyetujazia vyungu mwaka ule wa njaa, mwendo wake wa bibi-arusi. Nikamaliza:

"Dada, ulisema mikono ya bibi yangu inajua. Mikono yangu mimi inajua kitu kimoja tu. Njo hiki."

Alishika kichwa. "Papa, rudisha huyu munyama."

Nilifurahi sana. Mutu wa heshima hapokei ngombe mara moja, lazima akatae kwanza.

"Nasikia, dada," nikasema.

"Hausikii, Papa. Rudisha leo. Delibération bado."

Akakataa mara ya pili. Mara ya tatu akapandisha sauti mpaka kuku wakakimbia. Nikamwambia Gakwaya kwa sauti ya chini: ona malezi, ona vile anajua kukataa. Mama yake mzazi alikuwa ameshaacha kupalilia, anamuzunguka Gaju, anamugusa mgongo. "Ee Victorine," akasema, "mugeni amekuletea uzuri hivi na wewe unamupigia kelele?"

Nikamufunga Gaju kwa mti wa avoka, nikawaombea baraka, tukateremuka bila kuangalia nyuma, kufuatana na desturi. Nilisikia Victorine ananiita. Gakwaya alitaka kugeuka. Nikamukataza.

Sijui delibération ni nini. Nitamuuliza Mama Nicole.

Jumanne, tarehe 16 Agosti

Nimejua delibération ni nini.

Mama Nicole amefika muchana na pikipiki, bila kupiga simu. Hakusalimia. Aliketi kwenye kigoda changu cha kukamulia, akaniangalia vile anaangalia kidonda kabla ya kukisafisha.

"Papa Nicole. Ulipeleka ngombe kwa dada Victorine?"

Nilianza kutabasamu. Tabasamu halikufika.

Basi iko hivi, naiandika nisiisahau tena mpaka kufa. Pointi zikishatolewa, bado hazijawa za mutu. Jury wanakaa wote pamoja, wanapima mutu mumoja mumoja: huyu amepita, huyu arudie, huyu atoke. Hiyo njo delibération. Halafu siku ya proclamation wanasoma majina mbele ya watu wote. Kabla ya siku ile, ni mwiko muanafunzi ao mutu wa nyumba yake kumupa musimamizi kitu. Chochote. Ikitokea, pointi ya stage inasimamishwa, na muanafunzi anaitwa mbele ya conseil, wale wakubwa wa nidhamu. Wanaweza kumupa zero.

Zero ya stage ni kuanguka mara ya pili. Kuanguka mara ya pili ni kutolewa.

Victorine mwenyewe alienda kusema, jana asubuhi. Ilibidi. Angenyamaza, wangefukuzwa wawili, yeye kwa kazi na Mama Nicole kwa masomo. "Na alinipigia simu kabla ya kwenda," Mama Nicole akasema. "Alikuwa analia kuliko mimi."

Nilienda nyuma ya zizi, nikapiga magoti kwenye matope. Bwana, bibi yangu ulimupa akili, mimi ukanipa ngombe, na mimi nimechukua yangu nimeangusha juu ya yake.

Nilifikiri nikirudi nitakuta amefunga mufuko aende kwa Nicole. Nilikuta amesonga bugali. Akanisukumia sahani.

"Kula. Hawajanitoa bado."

"Mama Nicole, mimi..."

"Kula, nimesema. Wewe si mwizi. Wewe ni Semana tu."

Alhamisi, tarehe 18 Agosti

Nimeenda kumuchukua Gaju, nimerudi mikono mitupu.

Najua ubaya wake. Ngombe ya asante ikirudi, ni sawa umewaambia wale watu undugu umekufa. Lakini niliona bora nidharauliwe mimi kuliko Mama Nicole atolewe. Kumbe hata hiyo sina ruhusa. Victorine alinipokea kwa njia, hakutaka nifike kwao.

"Chef de section, mukubwa wa masomo kule Institut, amekataza. Ngombe isitoke mpaka conseil. Ni ushahidi."

"Gaju ni ushahidi?"

"Ushahidi umekula mistari mbili ya maharagi ya mama yangu, Papa Semana. Na mama yangu anauimbia asubuhi na jioni."

Nikaomba musamaha. Halafu akasema kitu chenye kimenipa nguvu ya kupanda mulima: "Ile kumi na sita sikumupa bure. Wakiniuliza nitasema hata mbele ya Askofu. Bibi yako ni infirmière."

Sikumushukuru. Niliogopa.

Jumatatu, tarehe 22 Agosti

Conseil. Naandika kabla ya kuvua viatu.

Chef de section anaitwa Papa Kanyamibwa. Mutu mukubwa, sauti ya taratibu, miwani kwenye ncha ya pua. Walikuwa watu watano nyuma ya meza. Mama Nicole aliketi peke yake mbele. Mimi waliniweka pembeni, kwenye benchi, pamoja na Gakwaya kama shahidi. Victorine upande mwingine.

Kanyamibwa akaniuliza kama bibi yangu alijua. Nikasema: hapana, mbele ya Mungu, hakujua, aliambiwa mwisho kama sisi wanaume tunavyofanyaga. Nikamueleza yote, juu ya undugu na ndama. Mumoja kati ya wale watano, mama mumoja wa Goma, akauliza kwa nini sikungojea. Nikasema: "Mama, furaha haikuniambia kuna tarehe."

Wakacheka, wote isipokuwa Kanyamibwa. Yeye alivua miwani.

"Papa Semana, mimi pia ni mutoto wa zizi. Baba yangu alitoa ngombe, na ngombe zilitolewa kwetu. Sikuoni kama mutu wa kununua pointi. Lakini kesho atakuja mwingine na mbuzi, atasema ni desturi, na yeye atakuwa ananunua kweli. Sheria haina macho ya kutofautisha mbuzi yake na ngombe yako."

Hapo nilisimama. Sikuitwa, nilisimama tu. Nilianza kuomba wamuache, nikasema adhabu yote wanipe mimi, niko tayari kupiga magoti pale pale. Mama Nicole hakugeuka. Alisema:

"Papa Nicole, ikaa."

Nikaikaa. Naye akasimama. Nguo yake ya bluu ya kanisa, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Akasema hivi, niliyashika yote:

"Wakubwa wangu, msiniachie. Mukiniachia, siku nitakuwa mbele ya wasichana nikiwafundisha, watu watasema huyu Master yake ililetwa na kamba shingoni. Futeni ile kumi na sita. Nipimeni upya. Leteni watu wenye hawanijui, wanisimamie kwa wagonjwa wenye siwajui. Nikipata kumi na mbili, ni yangu. Nikikosa, nitatoka mwenyewe kwa mulango."

Nilisikia mbuzi wa mutu huko inje.

Walitutoa. Tulingojea kwenye baraza. Wakatuita. Kanyamibwa akasoma: kumi na sita imewekwa pembeni. Mutihani mupya wa stage, siku mbili, tarehe 29 na 30, kwenye maternité, nyumba ya kuzalia, ya hapa Kitshanga, mbele ya wapimaji wawili watakaotoka Goma. Inatakiwa kumi na mbili. Hakuna mara nyingine. Ngombe irudi kwao kabla ya mutihani. Na mimi, Semana, nisionekane kwa lango la Institut wala la maternité mpaka proclamation.

"Hata maziwa, Papa Semana," akaongeza. "Hata salamu ndefu."

Watu watasema tumeshindwa leo. Mimi nimeona bibi yangu amesimama mbele ya watu watano na hakuna hata mumoja aliyeweza kumuangalia kutoka juu. Utukufu kwako, Bwana.

Jumatano, tarehe 24 Agosti

Gaju amerudi. Na vile alirudi sijawahi kuona.

Nilikuwa natengeneza ukuta wa zizi, nikaona watu wanapanda: Victorine mbele na kamba, nyuma yake mama yake mzazi na kikapo kichwani. Hawakumutuma mutu. Wamekuja wenyewe, kwa miguu, mulima na mulima. Gaju alikuwa na kitambaa chake cheupe, kimefuliwa.

Victorine hakujua maneno ya watu wa ngombe. Aliyatafuta yake.

"Papa, narudisha ngombe juu nimeamuriwa. Mengine sirudishi. Kama kwenu kurudisha ni matusi, mimi sijatukana."

Mama yake akateremusha kikapo. Maharagi, yale mekundu, kutoka mistari yenye Gaju hakuifikia. Mama Nicole akaruka nyuma kama ameona nyoka: "Hapana, hapana, zawadi hapana, tafadhali jamani!"

"Sheria inakataza muanafunzi kumupa musimamizi," Victorine akasema. "Haisemi kitu juu ya mama wa musimamizi kumupa bwana wa muanafunzi."

"Usicheze na sheria, dada."

"Na mimi si musimamizi wako tena. Wamenitoa kwa mutihani wako."

Tukaangaliana. Mama Nicole akafikiri. Akasema basi maharagi yapikwe sasa na wote tukule hapa hapa, kisibakie kitu cha kuitwa zawadi. Njo tumefanya hivyo. Tulikula mpaka chungu kikalia. Mama wa Victorine aliniambia hajawahi kula maharagi yake mwenyewe kwa haraka hivi.

Jumamosi, tarehe 27 Agosti

Wiki yote mimi ni mugonjwa wa Mama Nicole.

Asubuhi nakamua, muchana nalala kwa mukeka. Jana nilikuwa mama wa mimba ya kwanza. Leo nilikuwa mama amezaa watoto mapacha na kondo la nyuma halitoki. Gakwaya alipita akanikuta nimelala, mto umefungwa tumboni. Aliegemea ukuta akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, mutoto anafanana na nani?"

"Na wewe, mubaya hivi."

Mama Nicole hacheki. Ananawa mikono mpaka viwiko, anahesabu kwa mudomo, anavaa gants za mikono, anaongea na mimi kama hanijui: "Mama, naitwa infirmière Mukakalisa. Naomba ruhusa nikuguse." Miaka yote hii tumeishi pamoja, hajawahi kuniomba ruhusa anipime homa. Niliona vile anaongea na wanawake wengine, kule mimi sifikagi. Sauti nyingine. Laini, lakini inakamata.

Nikamuuliza kwa nini anasema jina lake kila mara. Akasema mugonjwa akijua jina lako, hawezi kukufa kimya, atakuita.

Nikafunga mto wangu vizuri tumboni, nikamuita: infirmière Mukakalisa.

Jumatatu, tarehe 29 Agosti

Siku ya kwanza imepita. Analala kwa rafiki yake huko Kitshanga. Sikuenda. Sikutuma maziwa. Nimefunga chakula na kuomba na kukamua, na ngombe zote leo zinaniangalia vibaya.

Patient, mwenzake wa darasa, ameandika kwa WhatsApp: *Papa, wapimaji ni mwanaume na mwanamuke, sura kavu sawa mihogo ya soko. Mama iko sawa.*

Iko sawa. Nimeisoma mara nyingi.

Jumanne, tarehe 30 Agosti

Amerudi jua likiwa bado juu. Ameketi, ameomba chai, amevua viatu. Nimengojea. Halafu ameanza kusimulia, na naandika vile alisema.

Leo walimupa kusimamia chumba kizima, na infirmières wadogo wawili chini yake, wapimaji nyuma yake wanatembea bila neno. Kila kitu kilienda. Saa ya kumaliza ilipokaribia, kulikuwa msichana amezaa jana, mutoto wa kwanza, anajiandaa kurudi nyumbani, mama mkwe ameshabeba mufuko. Karatasi zake zote nzuri. Msichana akamwambia tu, kama mutu anaomba radhi: kichwa kinamuuma tangu asubuhi, na anaona vitu vinamerameta mbele ya macho. Mama mkwe akasema ni usingizi, wasichana wa siku hizi ni waoga.

Wapimaji walikuwa wameshaangalia saa. Mama Nicole akamwambia mama mkwe: "Mama, weka mufuko chini." Akapima presha. Ilikuwa juu sana, ile ya kuleta kifafa cha uzazi. Akamurudisha kitandani, akatuma infirmière mumoja kwa daktari, mwingine alete dawa, yeye akabaki anaongea na msichana na kumushika mukono, jina kwa jina. Daktari akaja mbio. Msichana yuko salama. Hakushikwa na kifafa.

"Na wapimaji?" nikauliza.

"Yule mwanaume alikuwa anaandika tangu jana bila kuinua kichwa. Hapo aliweka kalamu chini."

"Hiyo ni nzuri?"

"Patient anasema ni mbaya. Eti mupimaji akiweka kalamu amekata tamaa."

"Patient anajua nini?"

"Patient alipata kumi na mbili na nusu kwa stage yake. Hajui kitu."

Tumecheka, sisi wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kigoda. Pointi hawasemi mpaka proclamation. Tumeshika mikono, tumeshukuru kwa ajili ya yule msichana. Mama Nicole amesema: "Hata wakinitoa, Papa Nicole, leo nilikuwa infirmière." Nikajibu amina. Halafu nikasema: lakini hawatakutoa. Akasema amina kwa hiyo pia.

Jumapili, tarehe 4 Septemba

Sala. Pasta aliniuliza kama nina ushuhuda. Nilisema bado unapikwa.

Alhamisi, tarehe 8 Septemba

Niko ndani ya kiwanja cha Institut. Ruhusa imerudi, leo ni proclamation. Kanyamibwa alinikuta kwa lango, akaangalia mikono yangu yote miwili, akaangalia nyuma yangu kama kuna kamba. "Pita," akasema. Naandika nimeketi, daftari kwa goti, juu nisipoandika moyo utatoka kwa mudomo.

Watu ni wengi. Nicole amekuja na watoto. Gakwaya amevaa koti ya marehemu baba. Mama Nicole yuko pembeni yangu kwa nguo yake ya bluu, mikono imetulia juu ya magoti. Mikono yangu ndiyo haitulii. Jury wako mbele, kwenye meza yenye kitambaa. Victorine yuko nao, mwisho wa meza, uso hauonyeshi kitu.

Mama Nicole amenieleza utaratibu. Wanaanza na wenye kutolewa. Halafu wenye kurudia. Halafu wenye kupita kwa Satisfaction, ile ya kutosha, halafu Distinction, ile ya juu. Lakini kuna watu wenye majina hayasomwi kabisa: wenye kesi. Dossier yao, karatasi zao zote, inawekwa pembeni, unaondoka hujui wewe ni nani. Hiyo njo anaiogopa kuliko kutolewa.

Kanyamibwa amesimama.

Wenye kutolewa: majina mawili. Si yeye. Si yeye! Mama mumoja kule nyuma ameanza kulia, Mungu amufariji, najua nafasi yake.

Wenye kurudia: wengi. Ninasikiliza herufi ya kwanza tu ya kila jina. Wamepita M ya Mukakalisa. Si yeye.

Nimemuangalia. Macho ameyafunga.

Satisfaction. Anasoma taratibu, huyu mutu, Bwana msamehe. Patient amepita. Amerusha kofia, imetua kwa mtu mwingine. Majina yanaendelea. Wanapiga makofi kila jina. M imefika, imepita, na jina lake halimo.

Nicole ameniuliza kwa sauti ya chini: "Papa, wamemuweka pembeni?" Mama Nicole amefungua macho. Amenyoosha kitambaa chake cha kichwa, amekaza fundo, kama mutu anajiandaa kuingia kwa kazi.

Kanyamibwa amegeuza ukurasa. Amepangusa miwani. Amesema: Distinction, mutu mumoja.

Na Victorine, kule mwisho wa meza, ameanza kuinuka kwenye kiti chake, anamutabasamia Mama Nicole, mikono tayari kwa makofi, na jina bado halijasemwa.